Namna ya Kuisoma Rajasuya na Dhabihu Nyingine za Kifalme za Dini ya Veda, Hatua kwa Hatua

Mwanafunzi anayefungua kwa mara ya kwanza maandiko ya Veda, yaani maandiko matakatifu ya kale ya India, kuhusu kutawazwa kwa wafalme hukutana na majina mengi mageni, vyombo, sala na ng'ombe wa malipo, na mara nyingi huondoka na picha moja tu, ya mfalme mwenye nguvu anayetukuzwa na makuhani wake. Picha hiyo ina walakini. Anayezifuata ibada hizi kwa utaratibu, akiuliza kila mara nani anatoa, nani anapokea na nani anasimama juu ya nani, atamwona mfalme ambaye hawezi kujitawaza mwenyewe, bali hutengenezwa na mikono ya watu wengine, na kila mkono una fungu lake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu au mwanafunzi wa historia na dini anayetaka kuyasoma maandiko hayo kwa tafsiri, bila kujua Kisanskriti, na bado ayaelewe vizuri.

Hatua ya 1: Chagua andiko moja la kukuongoza

Usianze na Rigveda. Mkusanyo huo wa nyimbo 1,028, ulio mkongwe kuliko maandiko mengine yote ya Veda, unamtaja mfalme mara nyingi, na una nyimbo mbili fupi za kumwombea asimame imara katika utawala wake (10.173 na 10.174), lakini haukuelezi ibada ilifanywaje. Raja wa Rigveda ni kiongozi wa kabila linalohama na ng'ombe wake na kupigana na jirani zake. Ibada kubwa za kifalme, kwa sura tunayoijua, zilipangwa baadaye, pale makabila yalipoungana chini ya kabila la Wakuru katika eneo la Kurukshetra na sehemu za juu za mito Yamuna na Ganga, jambo ambalo wataalamu wengi huliweka kati ya takriban 1200 na 900 K.K.

Andiko linalofaa kuanza nalo ni Shatapatha Brahmana, maelezo marefu ya nathari yaliyoambatana na Yajurveda Nyeupe, moja ya matoleo mawili ya Veda ya maneno ya ibada. Kitabu chake cha tano kinaeleza vajapeya, dhabihu ya soma yenye mashindano ya magari, na rajasuya, ibada ya kumtawaza mfalme, na cha kumi na tatu kinaeleza ashvamedha, dhabihu ya farasi. Tafsiri ya Kiingereza ya Julius Eggeling, iliyotoka kwa sehemu tano kati ya 1882 na 1900, bado inatumika na inapatikana bila malipo. Marejeo yake huandikwa kwa tarakimu nne: 5.3.1.12 maana yake ni kitabu cha tano, sura ya tatu, sehemu ya kwanza, aya ya kumi na mbili. Zoea kuziandika tarakimu hizo katika daftari lako tangu siku ya kwanza, kwa sababu matoleo hutofautiana kurasa lakini aya hazibadiliki.

Weka pembeni maandiko mawili ya kulinganisha. La kwanza ni Taittiriya Samhita ya Yajurveda Nyeusi, sura ya 1.8, ambayo inaieleza rajasuya hiyo hiyo kwa mpangilio tofauti kidogo. La pili ni Aitareya Brahmana, vitabu vya 7 na 8, ambavyo ni vya makuhani wa Rigveda na vinatazama mambo kwa jicho la kuhani wa nyumba ya mfalme. Ukipata pia moja ya shrautasutra, yaani vitabu vya kanuni kama vile Apastamba au Katyayana, utaweza kujua nani alisimama wapi na alishika nini, mambo ambayo Brahmana hudhani msomaji anayajua tayari. Kumbuka kwamba yote haya ni maagizo: yanasema ibada ifanywe vipi, hayasemi mfalme fulani aliifanya hivyo.

Hatua ya 2: Chora uwanja kabla ya kusoma

Hatua hii huonekana ya kitoto, lakini kuiruka ndiko kunakowapoteza wasomaji wengi. Dini ya Veda haikuwa na hekalu wala sanamu. Uwanja uliandaliwa kwa ajili ya ibada moja na kuachwa ibada ilipokwisha. Chora mstari kutoka magharibi kwenda mashariki. Magharibi weka duara, ndio moto wa garhapatya, yaani moto wa mwenye nyumba. Mashariki weka mraba, ndio ahavaniya, moto unaopokea sadaka. Kusini weka nusu mwezi, ndio dakshinagni, moto unaozuia mabaya na unaohusishwa na mizimu ya wahenga. Kati ya garhapatya na ahavaniya kuna vedi, sehemu iliyochimbwa kidogo na kutandazwa majani, ambapo vyombo na sadaka huwekwa. Dhabihu za kinywaji cha soma huhitaji uwanja mkubwa zaidi upande wa mashariki, lakini mchoro huu unatosha kuanzia.

Sasa waweke watu. Mwenye ibada ni yajamana, ambaye hapa ni mfalme; yeye ndiye anayegharimia na ndiye anayepata matunda yake, lakini anatenda machache. Mke wake lazima awepo, kwani ibada haitimii bila yeye. Makuhani wakuu ni wanne: hotri anayekariri beti za Rigveda, udgatri anayeimba Samaveda, adhvaryu anayefanya kazi za mikono huku akinong'ona maneno ya Yajurveda, na brahman anayekaa kimya akisikiliza ili arekebishe kosa likitokea. Katika dhabihu za soma kila mmoja ana wasaidizi watatu, na jumla yao huwa kumi na sita.

Hatua ya 3: Tengeneza kalenda

Rajasuya huchukua zaidi ya mwaka mmoja. Huanza kwa dhabihu ya soma mwanzoni mwa mwezi wa Phalguna, majira ya kuchipua yanapokaribia, ikafuatiwa na mwaka mzima wa sadaka za misimu. Baada ya hapo huja sadaka za wenye vito, siku ya kumwagiwa maji, sadaka za siku kumi, ibada ya dashapeya, kipindi kingine cha kungoja, kunyolewa nywele, na mwishowe sautramani, ambayo hutumia pombe iitwayo sura ili kumrudishia nguvu mfalme aliyechoshwa na soma. Iandike orodha hii upande wa kushoto wa karatasi, kisha upande wa kulia uache nafasi ya safu nne: mungu anayepewa, kitu kinachotolewa, mahali, na malipo ya kuhani. Safu ya malipo ndiyo itakayokupa habari nyingi kuliko zote.

Hatua ya 4: Zungukia nyumba za wenye vito

Hapa soma polepole (Shatapatha 5.3.1). Siku kwa siku, mfalme anakwenda kwenye nyumba za watu wanaoitwa ratnin, yaani wenye vito, na katika kila nyumba anatoa sadaka kwa mungu anayefanana na kazi ya mwenye nyumba. Kwa amiri jeshi anatoa sadaka kwa Agni, mungu wa moto, na malipo ni dhahabu. Kwa purohita, kuhani wa nyumba ya mfalme, anamtolea Brihaspati, kuhani wa miungu. Nyumbani kwake mwenyewe anamtolea Indra, mfalme wa miungu. Kwa malkia mkuu ni Aditi, na malipo ni ng'ombe wa maziwa. Kisha anamfuata suta, mwendesha gari na mtunza sifa za ukoo, kwa ajili ya Varuna. Mkuu wa kijiji kwa ajili ya Maruti, miungu ambao ni umati. Msimamizi wa jumba kwa ajili ya Savitri. Mshika hatamu kwa ajili ya Ashvin, miungu mapacha, na malipo ni mafahali waliozaliwa pacha. Mgawa mafungu kwa ajili ya Pushan. Mtunza kete pamoja na mchinjaji kwa ajili ya Rudra. Na tarishi, ambaye sadaka yake huelekezwa kwa njia yenyewe, na malipo ni upinde uliovikwa ngozi, podo za ngozi na kilemba chekundu.

Kila anapoondoka katika nyumba, andiko linasema kwamba mtu huyo ni kito chake, na kwamba kwa ajili ya mtu huyo ndipo mfalme anatawazwa, na anamfanya awe mfuasi wake asiyemwacha. Zingatia mwelekeo wa miguu. Mtawala ndiye anayewaendea, kuanzia amiri jeshi hadi tarishi, na bila ziara hizo hakuna kutawazwa. Ndiyo maana wanahistoria huitumia orodha hii kama dirisha la kuonea serikali ilivyokuwa kabla ya kuwapo makarani na ushuru uliopangwa: ina watu wa nyumbani, wa vitani na wa mchezo, lakini haina ofisi.

Nyumba ya mwisho ni ya parivritti, mke asiyezaa mtoto wa kiume, aliyetupwa. Sadaka yake ni ya Nirriti, mungu wa kike wa maangamizi, ni ya mchele mweusi uliokobolewa kwa kucha, na malipo ni ng'ombe mweusi, mkongwe na mgonjwa. Mwanamke anaambiwa asikae siku hiyo katika milki ya mfalme. Msomaji wa leo atalichukia jambo hili, na ana haki, lakini asilipite haraka: mfalme amekusanya nguvu za watu wote wa nyumba yake, kisha bahati mbaya yote akaitwika kwa mtu mmoja asiye na wa kumtetea.

Kabla ya kuendelea, fungua Taittiriya 1.8.9 na uilinganishe orodha. Huko wa kwanza si amiri jeshi, bali ni brahman. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno lakini kubwa kwa maana, kwa kuwa inaonyesha kwamba hata shule za makuhani wenyewe hazikukubaliana nani aende mbele, mwenye silaha au mwenye sala.

Hatua ya 5: Fuata maji

Siku ya kumwagiwa maji inaitwa abhishechaniya, na ndiyo kiini cha rajasuya. Makuhani hukusanya maji ya aina kumi na saba (5.3.4): ya mto Sarasvati, yanayokwenda na mkondo, yanayorudi nyuma kinyume cha mkondo, ya bahari, yanayozunguka mahali pamoja, yaliyotulia penye jua, ya mvua iliyonyesha jua likiwaka, ya bwawa, ya kisima, ya umande, na mengine, hadi asali, maji ya uzazi ya ng'ombe, maziwa na samli. Kila aina huchotwa kwa maneno yanayotaja kuwa maji hayo hutoa ufalme. Yote huchanganywa katika chombo cha mti wa udumbara, ambao ni wa jamii ya mkuyu.

Mfalme huvikwa nguo ambazo andiko linaziita ngozi za mimba ya ufalme, kwa maana anazaliwa upya, kisha hupewa upinde na mishale mitatu. Anasimama juu ya ngozi ya chui milia, ana bamba la dhahabu chini ya miguu na jingine lenye matundu kichwani. Mtu mwenye nywele ndefu hutupiwa kipande cha shaba mdomoni, na mfalme hukipiga teke kipande cha risasi, ambacho ni kichwa cha pepo Namuchi.

Halafu maji. Wanaomwagia ni wanne, na kila mmoja ana chombo cha mti wake: kuhani kwa mti wa palasha, ndugu wa mfalme kwa udumbara, kshatriya rafiki, yaani mtu wa tabaka la wapiganaji, kwa nyagrodha, na mtu wa tabaka la vaishya kwa ashvattha. Kuhani, ukoo, washirika wa vita, wazalishaji. Hakuna kundi kati ya hayo linaloweza kumfanya mfalme peke yake. Mashudra, watu wa tabaka la chini, hawamo miongoni mwa wanne hao, na kutokuwamo kwao ni habari pia, iandike.

Tafuta sasa tangazo analotolewa mfalme mbele ya watu (limeelezwa katika 5.3.3.12). Kuhani anawaambia watu kwamba huyu ndiye mfalme wao, kisha anaongeza kwamba mfalme wetu sisi Wabrahmani, watu wa tabaka la makuhani, ni Soma, mungu wa kinywaji kile cha dhabihu. Andiko lenyewe linafafanua bila kuficha: kila kitu kimefanywa kuwa chakula cha mfalme, isipokuwa Mbrahmani. Kwa sentensi moja, katika saa ile ile ya kumtukuza mtawala, makuhani wanajiondoa katika kodi yake. Kwa maoni yangu hakuna aya nyingine katika fasihi yote ya Veda inayoeleza uhusiano wa madhabahu na ikulu kwa ufupi kama hii.

Hatua ya 6: Usiishie kwenye kiti cha enzi

Wasomaji wengi hufunga kitabu maji yanapomwagwa, na hapo hukosa sehemu yenye utamu zaidi (5.4.3 na 5.4.4). Mfalme hupanda gari la farasi na kuingia katikati ya ng'ombe mia moja au zaidi wa ndugu yake, anamgusa mmoja kwa ncha ya upinde, kana kwamba anateka, kisha humrudishia ndugu idadi hiyo hiyo au zaidi. Uvamizi wa ng'ombe, uliokuwa kazi ya raja wa zamani, umebakia hapa kama mchezo ambao haumdhuru mtu. Akishuka, huvaa viatu vya ngozi ya nguruwe mwitu, na huiomba Ardhi isimdhuru naye asiidhuru. Tangu siku hiyo hatakanyaga ardhi kwa miguu mitupu maisha yake yote.

Anaketishwa kwenye kiti cha mti wa khadira, wa jamii ya mgunga. Ndipo adhvaryu na wasaidizi wake wanampiga mgongoni kwa fimbo, kimya kimya. Sababu iliyotolewa ni kwamba wanamvusha ng'ambo ya adhabu ya kisheria, na kwa hiyo mfalme haadhibiwi. Mwanafunzi aulize: kinga dhidi ya hukumu imetoka wapi? Imetoka kwa waliompiga.

Baada ya hapo upanga wa mbao unaoitwa sphya hupitishwa kutoka kwa Mbrahmani kwenda kwa mfalme, kwa ndugu wa mfalme, kwa suta, kwa mkuu wa kijiji, na kwa mtu wa ukoo. Kila anapokabidhiwa, andiko linasema mpokeaji anafanywa dhaifu kuliko mtoaji. Wa mwisho kuupokea hushiriki kuutumia kuandaa uwanja wa kete, na mchezo unachezwa kwa dau la ng'ombe. Chora ngazi hiyo kwenye karatasi yako, na utaona mfalme hayuko juu kabisa. Yuko kwenye ngazi ya pili.

Hatua ya 7: Sikiliza kisa cha Shunahshepa

Aitareya 7.13 hadi 7.18 inaagiza hotri, akiwa ameketi juu ya mto wa dhahabu, amsimulie mfalme aliyekwisha kumwagiwa maji kisa cha Harishchandra. Mfalme huyo alikuwa na wake mia moja na hakuwa na mtoto wa kiume; akamwahidi Varuna kwamba akipata mwana atamtoa dhabihu. Mwana, Rohita, alipokua alikimbilia msituni, na huko akamnunua Shunahshepa kutoka kwa baba yake mwenye njaa, Ajigarta, kwa ng'ombe mia moja, ili achinjwe badala yake. Ajigarta aliongezewa mia nyingine amfunge mwanawe, na mia nyingine tena ili amchinje. Kijana aliwaomba miungu kwa beti za Rigveda na kamba zikafunguka, kisha akamkataa baba yake na kuwa mwana wa mwenye hekima Vishvamitra.

Msimulizi hulipwa ng'ombe elfu moja, na anayemwitikia hulipwa mia moja. Kisa chenyewe kinasimuliwa kwa mfalme mpya, ambaye amepewa mamlaka juu ya uhai wa watu saa chache zilizopita. Soma pia kitabu cha 8 cha andiko hilo hilo, ambapo kabla ya kumwagiwa maji kwa namna ya Indra mfalme anakula kiapo mbele ya kuhani kwamba, akimsaliti, apoteze sadaka zake zote, mema yake, maisha yake na kizazi chake, tangu usiku aliozaliwa hadi usiku atakaokufa.

Hatua ya 8: Vajapeya na ashvamedha kwa kutumia maswali yale yale

Vajapeya haihitaji muda mrefu. Hesabu yake ni kumi na saba: magari kumi na saba katika mashindano, ngoma kumi na saba, nguzo ya dhiraa kumi na saba ambayo mfalme na mkewe huipanda kwa ngazi, wakifika juu wakatamka kwamba wamefika mbinguni. Watu wa vaishya humrushia vifurushi vya udongo wa chumvi. Shatapatha (5.1.1.13) inadai kwamba rajasuya humfanya mtu raja, na vajapeya humfanya samrat, mkuu wa wafalme.

Ashvamedha ndiyo inayojulikana zaidi, na kwa sababu hiyo nimeiweka mwisho. Farasi dume huoshwa majini, na mbwa mwenye madoa juu ya macho huuawa kwa rungu na kupitishwa chini yake. Kisha farasi huachiwa huru kwa mwaka mmoja pamoja na farasi wengine mia moja, akifuatwa na walinzi mia nne: wana wa wafalme, wapiganaji, na wana wa watumishi wa jumba, kila kundi na silaha zake. Nyumbani, mpiga zeze wa Kibrahmani huimba mchana ukarimu wa mfalme, na mpiga zeze wa kshatriya huimba usiku vita vyake. Hadithi za mzunguko wa siku kumi hurudiwa mara thelathini na sita, na kufanya siku 360. Farasi akirejea, husimamishwa nguzo ishirini na moja kwa ajili ya siku tatu za soma, na hunyongwa kwa nguo bila kumwagwa damu. Malkia mkuu hulazwa kando ya mzoga chini ya shuka, huku makuhani na wanawake wakirushiana maneno ya matusi. Tafsiri za karne ya 19 ziliyaruka au kuyafunika maneno hayo kwa aibu, kwa hiyo ukikuta pengo mahali hapo, tafuta tafsiri ya baadaye. Yafuatayo ni mafumbo baina ya makuhani, ambayo ni mazuri na ya kawaida kabisa: nani atembeaye peke yake? Jua. Nani azaliwaye tena? Mwezi. Dawa ya baridi ni nini? Moto.

Rudi kwenye safu ya malipo. Mali iliyotekwa mashariki hupewa hotri, ya kusini brahman, ya magharibi adhvaryu, ya kaskazini udgatri. Mfalme aliyeimiliki dunia kwa mwendo wa farasi huigawa pande nne, isipokuwa ardhi, watu na mali ya Wabrahmani.

Hatua ya 9: Pima maagizo kwa mawe na sarafu

Orodha ya wafalme waliotoa ashvamedha katika Shatapatha 13.5.4, ikiwa pamoja na Janamejaya wa Asandivat na Bharata aliyetoa farasi sabini na wanane kando ya Yamuna na hamsini na watano kando ya Ganga, ni sifa za washairi, isome hivyo. Ushahidi mgumu huanza baadaye. Maandishi ya Dhanadeva huko Ayodhya yanamtaja mfalme Pushyamitra Shunga, wa karne ya 2 K.K., kama mtoaji wa ashvamedha mbili. Katika pango la Naneghat, kwenye njia ya milimani magharibi mwa India, malkia Naganika wa nasaba ya Wasatavahana aliacha orodha ya dhabihu za nyumba yake pamoja na malipo yaliyotolewa kwa kila moja, na orodha hiyo inafanana na safu yako ya nne kuliko maandishi mengine yoyote. Huko Jagatgram, karibu na Dehradun, yamechimbuliwa matofali ya madhabahu yenye jina la mfalme Shilavarman. Mwaka 543 B.K. mfalme Pulakeshin wa Kwanza aliandika kwenye jabali la Badami kwamba alikuwa ametoa ashvamedha, na katika karne ya 18 Jai Singh wa Pili wa Jaipur bado aliona inafaa kuifanya.

Malizia kwa sarafu ya dhahabu ya Samudragupta, mfalme wa nasaba ya Wagupta wa karne ya 4 B.K. Upande mmoja kuna farasi mbele ya nguzo ya dhabihu. Upande wa pili malkia amesimama na usinga. Iweke kando ya mchoro wa uwanja uliouchora katika hatua ya pili na uhesabu walioachwa: makuhani kumi na sita hawamo, wenye vito hawamo, wala watu wanne wenye maji. Kuanzia hapo anza kusoma maandishi ya Wagupta, ukiwa na swali moja la kwanza: hati hii iliagizwa na kuhani au na mfalme?